Someni Hadithi Hii Leo: "Harrison Bergeron" na Nchi Iliyoharamisha Vipaji

Chochote mnachosoma kiwekeni kando kwanza. Tafuteni "Harrison Bergeron" ya Kurt Vonnegut na muisome leo hii! Nimeimaliza muda si mrefu hapa Kakamega, nikaianza tena papo hapo, na moyo bado unanienda mbio. Ni hadithi fupi kwelikweli, kurasa chache tu, kwa Kiingereza chepesi ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili anakimudu. Ilichapishwa mara ya kwanza Oktoba 1961 katika jarida la Marekani liitwalo The Magazine of Fantasy and Science Fiction, kisha mwaka 1968 ikaingia katika mkusanyiko wa Vonnegut, Welcome to the Monkey House. Ina zaidi ya miaka 60 na bado ni mbichi kabisa. Sijui nilikuwa wapi siku zote hizi, lakini sasa nimefika, na nataka kila mtu ninayemjua afike.

Mwisho sitauharibu. Mengine yote nitayasema, maana siwezi kunyamaza.

Kisa chenyewe

Mwaka ni 2081. Marekani imefika mahali ambapo watu wote wako sawa, tena sawa kila upande. Hakuna aliye mwerevu kuliko mwenzake. Hakuna aliye mzuri wa sura kuliko mwenzake, wala mwenye nguvu zaidi, wala mwenye mbio zaidi. Usawa huu umeletwa na marekebisho ya katiba ya 211, 212 na 213, na unalindwa usiku na mchana na maafisa wa Bi Diana Moon Glampers. Mimi namwita Mtwishaji Mkuu wa Taifa, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo: kumtwisha mzigo kila aliyezaliwa na cha ziada.

Mwenye nguvu anafungiwa vyuma. Mwenye sura nzuri anavalishwa kinyago. Mwenye akili anawekewa redio ndogo sikioni, na haruhusiwi kuitoa hata akilala. Kila baada ya sekunde 20 hivi, kituo cha serikali kinampigia kelele kali ili wazo lolote alilokuwa analifuata limponyoke.

Tunawakuta George na Hazel Bergeron wamekaa mbele ya televisheni, sebuleni kwao. George ni mwerevu, kwa hiyo ana redio. Ana nguvu pia, kwa hiyo shingoni ana mfuko wa turubai uliojazwa gololi za risasi na kufungwa kwa kufuli, uzito wake ratili 47. Hizo ni kilo 21 na ushei. Chukua mtungi wa maji wa lita 20, ujaze pomoni, ujifungie shingoni na usiutue hata ukienda kulala: hayo ndiyo maisha ya George. Hazel ana akili ya kawaida kabisa, hivyo hana mzigo wowote. Kwenye skrini wacheza baleti wanacheza, nao wamebebeshwa vyuma na kufunikwa nyuso, ili mtazamaji asione mwili mwepesi au uso mzuri akajisikia duni.

Wana mtoto mmoja, Harrison, mwenye miaka 14. Maafisa wa serikali wamekwisha kumchukua. Sebuleni hawamzungumzii, na kwa nini hawamzungumzii ni jambo ambalo hadithi inakuachia ulipate mwenyewe, na ukilipata utaumia.

Ghafla taarifa ya habari inakatiza baleti: Harrison ametoroka jela.

Sekunde 20!

Jamani, hizi kelele! Nimesoma hadithi nyingi za udikteta, zenye askari, kamera, mateso na vifungo. Sijawahi kukutana na silaha ya kutisha kama redio ya George. Mara anasikia chupa ya maziwa ikigongwa kwa nyundo. Mara mizinga 21. Mara king'ora, mara magari yakigongana. Kila mara wazo linakuwa linakaribia kufika mahali, na kila mara linasambaratishwa. George anaanza kufikiri kwamba huenda wacheza baleti wasingepaswa kubebeshwa vyuma, na kabla hajafika mbali, kelele inalia na wazo limekwenda na maji.

Tazama ufundi wa Vonnegut hapo. Anakueleza kelele, kisha anakufanyia kelele yenyewe. Mazungumzo ya mume na mke yanakatwa, yanaanza upya, yanakatwa tena, hadi wewe msomaji unajikuta unakunja uso kila sekunde zile zinapokaribia kutimia. Yote haya anayafanya kwa sentensi fupi, bila kupandisha sauti.

Kingine kilichonigusa: hakuna polisi sebuleni. Hazel anamhurumia mumewe na kumwambia atoe gololi chache jioni, akiwa nyumbani, nani atajua? George anakataa. Faini ni dola 2,000 na kifungo miaka miwili kwa kila gololi moja, lakini hiyo si sababu yake kubwa. Anaamini kwamba akidanganya yeye, wote watadanganya, na dunia itarudi kwenye giza la kushindana. Mwerevu huyu anaulinda mfuko wake mwenyewe! Serikali haihitaji tena kumchunga. Vonnegut ametumia mistari michache kuonyesha jambo ambalo waandishi wengine hulihitajia riwaya nzima.

Kuna pia msomaji wa habari mwenye kigugumizi kizito, ambaye hawezi hata kuwasalimu watazamaji. Anajaribu weee, anashindwa, anamkabidhi karatasi mcheza baleti mmoja. Binti huyo anaanza kusoma, sauti inatoka tamu kama wimbo, na papo hapo anaomba radhi. Anaomba radhi kwa sababu sauti yake ni nzuri! Anaanza upya, safari hii akikwaruza sauti makusudi ili isimshinde mtu. Hapo nililiweka jarida mezani na kusimama. Katika hadithi yote, tendo hilo dogo la binti kuikunja sauti yake ndilo linaloniuma zaidi.

Jitu ambalo ni mtoto

Kisha Harrison anaingia studio, na anaing'oa milango.

Ana urefu wa futi saba, yaani mita mbili na zaidi. Badala ya redio ndogo ana vidude vikubwa masikioni. Amevalishwa miwani mizito ya kumfanya asione vizuri na kumtia maumivu ya kichwa. Amefungwa vyuma chakavu vya ratili 300, kama kilo 136. Ili sura yake isipendeze, amelazimishwa kuvaa mpira mwekundu puani, kunyoa nyusi na kuvika meno meupe vifuniko vyeusi. Hayo yote kwa mtoto wa umri wa kidato cha kwanza.

Sisi tuliosomea Kenya tuna uzoefu mrefu na hadithi fupi. Tumekuzwa na mikusanyiko kama Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba, na majitu tunayajua. Katika "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kufagia chakula chote, na tunaelewa mara moja: wakubwa wanameza haki za wanyonge. Katika fasihi yetu, aliyezidi wenzake kimo mara nyingi ndiye anayekula jasho lao. Vonnegut ananigeuzia picha hiyo, nami sikuitarajia hata kidogo. Jitu lake ni mtoto aliyenyimwa utoto. Hajala cha mtu, hajaiba shamba la mtu. Kosa lake ni kimo.

Halafu, na hapa ndipo nilipompenda Vonnegut moja kwa moja, huyo mtoto akiwa huru anafanya nini cha kwanza? Anajitangaza kuwa mfalme mkuu! Anataka wote wamtii sasa hivi. Mwandishi angeweza kumfanya shujaa safi, mtetezi wa wanyonge, tukapiga makofi tukaenda zetu. Amekataa. Anatuonyesha kwamba ukimkandamiza mtu tangu utotoni, siku akisimama huenda ana njaa ya kiti cha enzi tayari. Kwa hiyo unamshangilia Harrison na kumwogopa kwa wakati mmoja, na hadithi haikupi ruhusa ya kuchagua moja.

Ngoma inayogusa dari

Sasa njooni kwenye ngoma.

Harrison anauliza ni mwanamke gani atathubutu kusimama awe malkia wake. Mcheza baleti mmoja anainuka. Harrison anamtoa kifaa sikioni, anamfungua vyuma, mwisho anamvua kinyago, na binti ni mzuri wa kupofusha macho. Harrison anawageukia wanamuziki, anawavua mizigo yao pia na kuwaamuru wapige kadiri ya uwezo wao wote. Mwanzoni muziki unatoka wa ovyo, kwa kuwa wamezoea kuuharibu. Anawanyanyua wawili kutoka vitini, anawapunga hewani huku akiwaimbia muziki anavyoutaka, kisha anawarudisha. Sasa unatoka. Harrison na malkia wake wanasimama kwanza wausikilize, kana kwamba wanapatanisha mapigo ya mioyo yao nao. Kisha wanaruka. Wanaruka juu na juu zaidi, hadi dari ya futi 30, mita tisa kwenda juu, na wanaibusu!

Mtu wa Kakamega anaisoma sehemu hii kwa mwili mzima. Sisi tunaijua isukuti ya Waisukha na Waidakho. Tumeiona Shinyalu na Ikolomani kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye sherehe za watoto. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe na njuga vinaitikia. Mwimbaji kiongozi anatupa mstari, wachezaji wanaudaka, na mabega yanaanza kutikisika. Hakuna anayemwambia kiongozi apunguze sauti ili wengine wasijisikie vibaya. Akiwa na koo la dhahabu, wote wanapanda naye. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, kwa kuwa wanaoiendeleza wanazidi kupungua. Ukiisoma studio ile ya 2081 ukiwa na mapigo ya isukuti kichwani, unajua kwa hakika ni nini kilichoibwa kwa watu wale. Wameibiwa furaha ya kumwona mwenzao akifanya jambo kubwa na kujisikia wakubwa pamoja naye.

Yanayofuata baada ya dari sitayasema. Nitasema tu kwamba ni ya haraka mno, yameandikwa kwa ubaridi ambao sijawahi kuuona, na kwamba hadithi inarudi sebuleni kwa George na Hazel kumalizikia hapo. Mistari ile ya mwisho wala haina damu. Ndiyo iliyonifanya nianze upya.

Je, Vonnegut anaupinga usawa?

Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu hadithi hii imetekwa na watu wengi, na nataka mwingie mkiwa macho.

Mwaka 2001, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchezaji gofu wa kulipwa, Casey Martin. Ugonjwa wa mguu ulimfanya ashindwe kutembea uwanja mzima, akaomba aruhusiwe kutumia kigari kati ya shimo na shimo. Majaji saba walimkubalia, wawili wakapinga. Jaji Antonin Scalia, mmoja wa hao wawili, alimalizia maoni yake kwa kuchezea maneno ya mwanzo wa "Harrison Bergeron", kana kwamba kigari cha Martin kinatupeleka kwa Mtwishaji Mkuu. Miaka michache baadaye, mwaka 2005, hadithi hiyohiyo ikatumiwa Kansas katika kesi ya fedha za shule, kama hoja dhidi ya kusawazisha mgao kati ya shule tajiri na maskini. Safari hii Vonnegut mwenyewe alijibu kupitia gazeti la Lawrence, mji wa hukohuko Kansas: hadithi yangu inahusu akili na vipaji, na utajiri si ushahidi wa kimojawapo.

Nampigia saluti! Na hapa ndipo hadithi inaponipa chombo nitakachotembea nacho maisha yangu yote. Kila nikisikia neno usawa kutoka kwa mwanasiasa, mwalimu au mhubiri, nitauliza swali moja: hapa kuna mtu anayetwikwa mzigo, au kuna mtu anayetuliwa?

Kwa swali hilo, kesi ya Martin haina utata. Kigari hakikumfunga mchezaji mwingine kilo hata moja. Kilimtua Martin, na mpira akaupiga kwa mikono yake mwenyewe. Kansas vilevile: darasa jipya kwa shule maskini halimwekei mtu redio sikioni. Mtwishaji Mkuu ni kinyume cha hayo. Miaka yote hadithini, hakuna dhaifu hata mmoja aliyepata nguvu. Hakuna mbumbumbu aliyefundishwa. Kazi nzima ya serikali imekuwa kuongeza mizigo, na mwisho wa siku hakuna aliyepona.

Swali hilo likivuka mpaka kuingia kwetu

Nimelileta nyumbani mara moja, na limenifanyia kazi ajabu.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kuwa sawa mbele ya sheria, na inaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Kifungu cha 54 kinataka nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa zifikie angalau asilimia 5 kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Kifungu cha 204 kinatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa Hazina ya Usawazishaji, ili maji, barabara, afya na umeme vifike maeneo yaliyosahaulika. Yasome marekebisho ya Vonnegut kisha usome haya, utaona ardhi na mbingu. Hapa mbunge hafungwi mnyororo ili mwanamke apate kiti. Mtaa wenye umeme hauzimiwi taa ili Turkana wawashe.

Au mkumbukeni Kimani Maruge. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi, na zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakamiminika madarasani. Mwaka uliofuata, Mzee Maruge, mwenye miaka 84, akaingia darasa la kwanza mjini Eldoret, hapo jirani zetu, amevaa kaptula na soksi ndefu za sare kama watoto waliokaa naye. Sare ile ilikuwa usawa pia. Haikumpunguzia mzee miaka yake wala hekima yake. Ilisema tu kwamba dawati hili ni la kila mtu. Haikupita hata miaka miwili, na mwaka 2005 alikuwa New York, Umoja wa Mataifa, akitetea elimu. Huo ndio usawa wa kutua mzigo, nasi tumeuona kwa macho yetu.

Lakini kuna pagumu, na hadithi nzuri inakupeleka kwenye pagumu. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa bora katika mitihani ya kitaifa. Kwa mji kama Kakamega, unaopenda kushinda, wenye Kakamega School na Green Commandos wake wa kandanda, hilo lilikuwa jambo zito. Je, yule mtoto aliyezoea kubebwa juu kwa juu na wazazi siku ya matokeo alikuwa amevalishwa kinyago? Au yule mnyonge wa mwisho darasani, ambaye shule nyingine zilimkaririsha au kumficha ili wastani usishuke, alikuwa ametuliwa mzigo hatimaye? Naona yote mawili yamo. Orodha ilipoondoka, shule isiyo na maabara ilibaki haina maabara. Swali langu halikunipa jibu la mkato, ila limenionyesha mahali pa kutazama: tusimalize kazi kwa kuficha namba moja, twende tukampe namba ya mwisho kitabu na mwalimu.

Mtangulize Vonnegut, mfuatishe Kezilahabi na Mkangi

Furaha yangu imezidi kwa sababu rafu za Kiswahili zina vitabu vinavyoijibu hadithi hii. Ukiimaliza, usilale. Pitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, uone usawa ulioahidiwa kwa wote ukiishia kwa nguruwe. Kisha chukua Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1975. Humo yumo Tumaini, aliyekwisha kutapanya maisha na kujijenga upya kwa kilimo, na siasa ya Ujamaa inapolifikia shamba lake, anamuua kiongozi wa serikali na kuishia kwenye kitanzi.

Kezilahabi aliandika akiwa ndani ya jambo lenyewe. Tanzania ilikuwa imejaribu usawa kwa pande zote mbili za swali langu. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alijikata mshahara wake kwa asilimia 20, na wa viongozi wa juu pia. Azimio la Arusha la Februari 1967 likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa katika makampuni na kupangisha nyumba. Mzigo ulianzia kwa mkubwa! Mtwishaji Mkuu wa Vonnegut tunamwona akigawa mizigo, shingoni mwake hatuonyeshwi hata gololi moja. Halafu Novemba 1973 likaja agizo kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe amehamia kijiji cha Ujamaa. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa nyuma yao. Sera moja, mkono mmoja ukimtwika mkubwa, mwingine ukimtwika mkulima. Kezilahabi aliyaona yote mawili. Ndiyo maana Tumaini, kama Harrison, si malaika.

Na baada ya hapo, Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Mkangi, mwanasosholojia wa Pwani, aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, na hata hivyo akathubutu kuandika riwaya ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafika nchi ambayo usawa wake unakaliwa na watu kwa hiari na kwa kazi. Mtu aliyefungwa ndiye aliyeota usawa usio na kufuli. Vonnegut naye, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1922, alikuwa mfungwa wa vita mjini Dresden mji ulipochomwa kwa mabomu Februari 1945. Wote wawili walijua serikali inavyoweza kuufunga mwili. Wasomeni wakiwa pamoja mezani, mtasikia wakibishana hadi usiku wa manane!

Kasoro, kwa haki

Sijapofuka kwa mapenzi. Hazel ndiye mama pekee hadithini, na ndiye asiyeweza kuishikilia fikra. Mtwishaji Mkuu naye ni mwanamke. Malkia anayecheza na Harrison hapewi jina. Msomaji wa leo atauliza kwa nini akili na uasi vimegawiwa wanaume, na atakuwa na haki. Pia kigugumizi cha msomaji wa habari kinaweza kumuumiza mtu mwenye kigugumizi kama akikisoma peke yake bila mjadala. Mwalimu atakayeifundisha ayaseme haya waziwazi tangu mwanzo.

Ufupi nao una gharama yake. Hatujui ni nani alipigia kura marekebisho yale matatu, wala ni uchungu gani wa kweli uliowafanya watu wayatake. Bila shaka palikuwa na watu waliochoka kudharauliwa. Ningependa kusikia sauti ya mmoja wao.

Kwa nani?

Kwa kila mtu, lakini nawaita wachache kwa jina la kazi zao.

Walimu wa Kiswahili na Kiingereza wa Kakamega na kaunti jirani: ifundisheni wiki moja pamoja na "Tumbo Lisiloshiba". Wapeni wanafunzi majitu mawili, linalokula na linalofungwa, kisha waacheni wabishane. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro wanaosomea lugha na tafsiri: chukueni hii kazi, nawasihi! Kiswahili kina kutwika na kutua, kina kigugumizi, kina mdundo wa kukata na kuanza upya. Hadithi hii inasubiri fundi wa kuihamisha. Wawakilishi wetu wa bunge la kaunti, mnaopitisha bajeti kwa jina la usawa: isomeni kabla ya kikao kijacho, na kwenye kila mstari wa bajeti jiulizeni nani anatwikwa na nani anatuliwa.

Na wewe kijana mwenye sauti, au mguu wa mpira, au kichwa cha hesabu, unayejifunza kujikunja ili wenzako wasikuonee kijicho: isome wewe wa kwanza. Kisha nenda ukafanye unachokijua kwa nguvu zako zote, na ukifika juu, rudi umtue mwingine mzigo wake. Hadithi hii fupi imenishawishi kwamba inawezekana kuyafanya yote mawili, na naipa alama zote nilizonazo.